Waragi haigandi kwenye kalibu
Je, waragi, ile pombe kali ya Uganda, inaweza kugandishwa iwe vikombe vidogo vya barafu vya kunywea toti? Hapana, waragi yenyewe haitaganda kwenye kalibu ya vikombe hivyo, hata ukiiacha kwenye friza wiki nzima. Friza ya nyumbani hufika nyuzi -18 hivi. Pombe ya asilimia 40 inataka karibu -27. Gandisha maji au juisi ya pasheni usiku kucha, ndipo umimine waragi ndani ya hicho kikombe cha barafu. Mimi hutumia kalibu za silikoni hapa Kampala: nikizitoa naziacha mezani dakika chache kabla ya kubandua vikombe, la sivyo ukingo unameguka kama ganda la yai. Juisi yenye sukari nyingi hulainika upesi, izimue kwa maji. Umeme ukikatika, kunyweni haraka tu.