Jibu: nani walimiliki ile nyumba ya Salem?
Mkuu, hiyo nyumba ya matofali unayouliza pale Salem, Massachusetts, Marekani, ndo Gardner-Pingree. Ilijengwa 1804 hadi 1805 kwa ajili ya tajiri wa meli John Gardner, ramani ya Samuel McIntire, fundi hatari wa kuchonga mbao. Ila stori nzito ni ya Kapteni Joseph White, mmiliki wa baadae, mzee wa miaka 82, aliuawa kitandani kwake humo humo Aprili 1830, kisa urithi bana, ndugu wawili wakanyongwa kwa mauaji hayo na mshtaki alikuwa Daniel Webster mwenyewe, yule mwanasheria na mwanasiasa maarufu wa Marekani. Baadae 1834 akanunua David Pingree, ukoo wake ukakaa nayo mpaka 1933, sasa ni ya makumbusho. Halafu wafanyabiashara wa Salem enzi hizo ndo walikuwa wanaleta merikani (kitambaa cha pamba) Zanzibar, wanarudi na pembe za ndovu na sandarusi (utomvu wa mti wa kutengenezea vanishi).