Muulize Fundi: Risiti ya kutoa imetangulia risiti ya kuweka

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni karani wa SACCOS ya wavuvi hapa Ukerewe. Tuna kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya, ila intaneti yetu ni ya kubahatisha. Wiki jana mama mmoja aliweka laki mbili dirisha la kwanza, risiti ikaandika 10:47. Akasogea dirisha la pili akatoa elfu hamsini, risiti ikaandika 10:41. Mweka hazina ananiuliza huyu mama alitoaje hela kabla ya kuweka, na mama mwenyewe anaona tunamfanya mwizi. Nimesikia kuna risiva ya GPS inayorekebisha saa za kompyuta bila intaneti. Ni kweli? Inalipiwa kila mwezi kama king'amuzi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwanza mwambieni huyo mama kwamba hana kosa. Aliweka, kisha akatoa. Zilizokosana ni saa zenu.

Saa ya kompyuta huhesabu mitetemo ya kipande kidogo cha jiwe linaloitwa quartz, kama saa ya mkononi. Kipande hicho hubadilika kwa joto. Kompyuta ikipotea sekunde mbili tu kwa siku, kwa mwezi ni dakika nzima. Ikiwa hakuna wa kuirekebisha, miezi saba inatosha kuzaa fujo mliyoiona. Na kama mojawapo hurudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, hapo betri yake bapa ya CR2032 imekufa. Ibadilisheni kabla ya kununua chochote.

Risiva ni kweli ipo, na hailipiwi. Setilaiti za GPS zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikiwa na saa ya atomiki na ikitangaza muda wake mfululizo. Risiva husikiliza tu, haitumi kitu, kwa hiyo haitaki bando wala laini ya simu. Ikisikia setilaiti nne inajua ilipo na ni saa ngapi.

Inachotaka ni kuona anga. Chini ya mabati haisikii kitu. Niliwahi kufunga moja kwenye kituo cha redio, nikahangaika nayo asubuhi nzima mezani. Nilipoitoa kwa waya hadi nje ya dirisha ikaamka. Ya kwenu ikiwaka mara ya kwanza, ipeni robo saa kabla ya kuiamini. Saa ya GPS yenyewe iko mbele ya saa rasmi ya dunia (UTC) kwa sekunde 18, na taarifa ya kuziondoa hizo sekunde imo kwenye ujumbe ambao huchukua dakika 12 na nusu kumalizika. Msishtuke pia mkiona 07:00 wakati ninyi ni saa nne asubuhi. Risiva hutoa saa ya dunia. Kompyuta ikiwekwa majira ya Afrika Mashariki huongeza saa tatu yenyewe.

Jihadharini na mtumba. Tarehe 20 Juni 2024 niliwasha risiva kuukuu ikaniambia ni tarehe 4 Novemba 2004. Saa ilikuwa sahihi hadi sekunde, hata siku ilikuwa Alhamisi kweli. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na risiva za zamani hazijui zimeshazunguka mara ngapi. Nunueni mpya, na mkague mwaka kabla ya yote.

Chomekeni risiva ya USB kwenye kompyuta moja tu, hiyo ndiyo iwe mama wa saa. Ikiwa inatumia mfumo endeshi wa Linux, programu ya gpsd itasoma risiva na programu ya chrony itaendesha saa. Zile mbili zitaulizia kwake kupitia waya wenu, kwa utaratibu uitwao NTP. Risiva ya USB yaweza kukosea sehemu ndogo ya sekunde. Zipo zenye waya wa ziada unaotoa mpigo kila sekunde, sahihi mno, lakini kwa risiti za dirishani msitupe hela huko.

Siku ya kufunga, ngojeni madirisha yafungwe. Mkirudisha saa nyuma watu wakiwa foleni, mtatoa risiti nyingine kama za huyo mama. Baada ya hapo chrony itakuwa inapunguza au kuongeza mwendo polepole, bila kuruka.

Na kabla hujagusa chochote, leo hii chukua simu iliyopata saa kutoka kwenye mtandao, simama mbele ya kila kompyuta, uandike kwenye daftari: hii iko mbele dakika ngapi, ile iko nyuma dakika ngapi, tarehe fulani. Mtie sahihi wewe na mweka hazina. Ukishazirekebisha, ushahidi huo hautapatikana tena, nao ndio utakaomwonyesha huyo mama na mkaguzi kwamba 10:47 ya dirisha la kwanza ilitangulia 10:41 ya dirisha la pili.