Miwani ya uhalisia pepe au ofisi ya mtandaoni?

SWALI: Timu yetu ina watu sita, kila mmoja anafanyia kazi kwake. Tununue miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuonyesha mandhari ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake, kwa wote, au tulipie jukwaa la ofisi ya mtandaoni linalofunguka kwenye kompyuta?

JIBU: Anzeni na jukwaa. Miwani ni kifaa tu. Bila programu ya kukutania hamtaonana humo. Chagueni jukwaa linaloingilika kwa kivinjari na kwa miwani pia, ili asiye na miwani asibaki nje.

Kama siku nzima ni kusoma na kuandika, miwani itawachosha. Meta Quest 3, kwa mfano, ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, lakini zimetandazwa kwenye upana wa mwono wa nyuzi 110 hivi, ndiyo maana herufi ndogo hufifia. Ina uzito wa gramu 515, na chaji hukaa kama saa mbili. Lakini kwa kukagua mchoro wa jengo au mashine kwa ukubwa wake halisi, hapo miwani haina mpinzani. Nunueni mbili za kuazimana.

Mkizipata, rekebisheni kwanza umbali kati ya lenzi ulingane na ule wa mboni za mvaaji; ukikosewa, maandishi huingia ukungu na kichwa huuma. Mkitumia skrini ya kompyuta ndani ya miwani, ruta iunganishwe na kompyuta kwa waya, miwani ishike Wi-Fi ya masafa ya GHz 5. Picha ikichelewa kufuata kichwa, kichefuchefu huanza: vua mara moja, usijikaze.