Maswali Yenu Kuhusu Pete Seeger, Mwimbaji wa Nyimbo za Kiasili wa Marekani

Je, "Wimoweh" katika wimbo wa Seeger wa jina hilo ni neno la Kiswahili?
Si la Kiswahili, na wanaoniuliza hivi kila mwezi wangesoma majibu yaliyopita. Ni "uyimbube" lililosikika vibaya, yaani "wewe ni simba" kwa Kizulu, kutoka katika santuri ya "Mbube" aliyorekodi Solomon Linda mjini Johannesburg mwaka 1939. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kiasili, alimpa Seeger santuri hiyo, naye akayanakili maneno kwa sikio tu.

Linda alipata nini?
Haki zake ziliuzwa kwa shilingi 10. Alifariki maskini mwaka 1962, miezi michache baada ya toleo la wimbo huo la kundi la The Tokens, "The Lion Sleeps Tonight", kushika nafasi ya kwanza Marekani. Seeger alimtumia dola 1,000 na kuagiza mirabaha yake mwenyewe ipelekwe kwa Linda, lakini agizo lisilo na mkataba halina meno, na warithi walisubiri hadi mwaka 2006 kupata suluhu ya maana. Sisi tunaobishana mpaka leo kama "Malaika" ni ya Fadhili William au ya Adam Salim tusiwacheke wengine. Kijana anayetunga na asajili wimbo wake kabla hajaingia studio, wala asitie saini mkataba aliosomewa na yule yule anayemnunua.

Seeger ndiye aliyetunga "We Shall Overcome"?
Hapana. Alifundishwa na Zilphia Horton wa Highlander, shule ya wanaharakati huko Tennessee, ambaye naye aliupokea kutoka kwa wafanyakazi wa tumbaku waliogoma Charleston. Jina la Seeger liliwekwa kwenye hakimiliki pamoja na mengine, na mirabaha ikaelekezwa kwenye mfuko wa Highlander. Hivyo ndivyo Linda alivyopaswa kutendewa: kwa maandishi.

Ni kweli alikata waya wa kipaza sauti cha Bob Dylan kwa shoka, kwenye tamasha la Newport, 1965?
Hakukata. Alisema angekuwa na shoka angeukata, kwa kuwa sauti ilivurugika hata maneno hayasikiki.

Kwa nini alihukumiwa kifungo?
Agosti 1955 kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti ilimhoji. Aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti kweli, ila hakujikinga kwa haki ya kutojitia hatiani kama wengi walivyofanya. Alisema hakuna Mmarekani anayepaswa kulazimishwa kueleza imani yake, siasa yake wala kura yake. Mwaka 1961 alihukumiwa mwaka mmoja kwa kulidharau Bunge, hukumu iliyotenguliwa mwaka 1962. Televisheni kubwa zilimfungia mlango hadi mwaka 1967, na usiku aliporudi, wimbo wake wa kupinga vita vya Vietnam ulikatwa.

Banjo si ala ya Wazungu?
Ilifika Amerika mikononi na vichwani mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Ya Seeger ilirefushwa shingo, na kwenye ngozi yake, kuizunguka ukingoni, aliandika kwamba mashine hii huizingira chuki na kuilazimisha isalimu amri.