Jibu: Kwa nini binti wa mjomba aruhusiwe na asiye jamaa akataliwe?
Salaam, ndugu. Umekwama kwenye nasaba ya Wakomati, wafanyabiashara wa Kitelugu wa kusini mwa India wanaojiita pia Arya Vysya, kwa kuwa kijana mmoja alimwoa binti wa mjomba wake, ilhali mwenzake alikatazwa mchumba asiyehusiana naye kwa lolote.

Kagua kwanza gotra, yaani ukoo unaorithiwa kwa baba, wala usitegemee jina la nyumba linalotangulia jina la mtu. Wenye gotra moja huhesabiwa ndugu hata wasipofahamiana. Binti wa mjomba hufuata gotra ya baba yake, ambayo si ya kijana, na ndoa hiyo, iitwayo menarikam, zamani ilikaribia kuwa wajibu. Angalia pia kwamba mwanamke aliyeolewa huhesabiwa katika gotra ya mumewe. Hapo ndipo nasaba nyingi nilizozipitia huchanganya msomaji.

Kuhusu zile koo (gotra) 102 za Wakomati, mapokeo husimulia kwamba huko Penugonda, katika Andhra Pradesh ya leo, Vasavi, binti ambaye Wakomati humheshimu kama mungu wa kike, alikataa kuolewa na mfalme Vishnuvardhana, akaingia motoni pamoja na watu wa koo hizo. Mimi huisoma kama simulizi ya imani, kwa hiyo usiitumie kukadiria miaka ya vizazi vyako.