Maswali ya Wasomaji: Gari Gani Litavuta Boti Yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mkazi wa Kunduchi. Nina boti ya faiba ya urefu wa mita 6 yenye injini moja ya mipigo minne ya nguvu za farasi 115, ambayo siku hizi naiweka nyumbani juu ya tela kwa kuwa ilipokuwa ikilala majini vifaa vyake vilikuwa vikiibwa. Mwisho wa juma huwa tunaishusha kwenda kuvua au kuwapeleka watoto kisiwani Mbudya, na wakati wa sikukuu ningependa kuivuta hadi Pangani kwa wakwe zangu. Harrier niliyonayo imenishinda na nimekwishaamua kuiuza. Nimeonyeshwa magari matatu: Prado TX ya mwaka 2010 yenye injini ya petroli ya lita 2.7, Land Cruiser mkonga yenye dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, na Land Rover Discovery 3 ya dizeli. Kila fundi ninayemuuliza ana jibu lake. Nichukue lipi?

JIBU: Ndugu yetu wa Kunduchi, mafundi wako wanatofautiana kwa sababu kila mmoja anajibu kuhusu injini, ilhali jambo la kwanza kulijua ni uzito wa mzigo wenyewe, na uzito huo karibu kila mwenye boti huukadiria chini ya ulivyo. Mtengenezaji atakwambia kwamba bodi ya boti ya mita 6 ina kilo 850, ukaridhika. Lakini injini ya farasi 115 ya mipigo minne ina kilo 170 hadi 180, lita 100 za petroli ni kilo 75 hivi, kisha kuna nanga na mnyororo wake, betri, makoti ya kuokolea, sanduku la barafu na mishipi, ambavyo kwa pamoja hufika kilo 100 bila mtu kutambua, na tela lenyewe la chuma haliwezi kuwa chini sana ya kilo 400. Jumla inakaribia kilo 1,600. Usiyategemee makadirio yangu wala ya mtu mwingine: lipeleke tela likiwa na boti, mafuta na vifaa vyote kwenye mizani ya magari, kama zile za viwandani au za wanunuzi wa chuma chakavu, ulipe kidogo, upate namba ya kweli.

Ukishakuwa na namba hiyo, swali linalofuata linahusu breki, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Tela la kilo 1,600 lisilo na breki zake lenyewe halifai kuvutwa na gari lolote kati ya hayo matatu, hata lile lenye injini kubwa kuliko yote, kwa sababu injini huanzisha mwendo tu, na kuusimamisha ni kazi ya breki. Nchi kama Uingereza na Australia haziruhusu tela linalozidi kilo 750 kwenda barabarani bila breki, na kikomo hicho kina maana ileile katika mteremko wa barabara ya Segera, basi likiwa limesimama ghafla mbele yako kushusha abiria. Matela mengi ya boti ninayoyaona jijini yamechomelewa mtaani, na yana ekseli, matairi na taa, lakini breki hayana. Kwa hiyo, kabla hujaongeza shilingi milioni kadhaa ili upate gari lenye injini kubwa zaidi, tenga sehemu ya fedha hizo uliwekee tela breki za haidroliki zinazofanya kazi tela linapolisukuma gari kwa nyuma. Chagua za diski, kwa kuwa za ngoma hujaa chumvi na mchanga, na zile za umeme hazivumilii kuzamishwa baharini kila wiki.

Kuhusu kikomo cha gari, fahamu kwamba vitabu vya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi haviandiki uzito unaoruhusiwa kuvutwa, na muuzaji akikwambia kuwa gari lake linavuta chochote, anakisia. Njia nzuri ni kutafuta kitabu cha gari hilohilo, lenye injini na giaboksi hiyohiyo, lililouzwa katika nchi ambako watu huvuta matela kila siku. Huko Australia, kwa mfano, Prado ya umbo hili la 2010 yenye dizeli ya lita 3 iliruhusiwa kuvuta kilo 2,500 kwa tela lenye breki na kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki. Gari ni lilelile na injini ni ileile, na tofauti yote hiyo inaletwa na breki za tela.

Sasa tuje pwani, maana umesema safari zako nyingi ni za kushusha na kupandisha, na hapo ndipo gari lenye magurudumu manne ya kuvuta hulipa gharama yake. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa Dar es Salaam tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Maji hujaa kuelekea saa 10 au 11 alfajiri na tena jioni, na hukauka kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, yaani saa ileile ambayo familia nyingi hutaka kushusha boti siku ya Jumapili. Maji yakiwa yamekupwa, gari linalazimika kushuka kupita mwisho wa sakafu ya zege au mchanga mgumu, na magurudumu ya nyuma, ambayo tayari yameelemewa na tela, yanakanyaga mwani na tope. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili hapo huzunguka palepale. Unahitaji magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja, na zaidi ya hayo unahitaji seti ya gia nzito iliyoandikwa 4L, ambayo hukuwezesha kupanda polepole bila kuunguza klachi wala kuchemsha mafuta ya giaboksi. Harrier yako haina gia hizo, na nadhani ndiyo maana imekushinda. Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, kazi ni rahisi zaidi, kwa hiyo kalenda ya mwezi ni kifaa cha kuvutia boti sawa na gari lenyewe.

Katika magari yako matatu, yote yana 4L na yote yana fremu imara chini ya bodi, jambo ambalo ni sharti kwa mzigo huu. Mkonga ndiyo yenye nguvu isiyochoka: injini yake ya lita 4.2 ina takriban farasi 130 tu, lakini huvuta vizuri ikiwa kwenye mizunguko ya chini, haina kompyuta nyingi za kuharibika, na hakuna mji Tanzania usiokuwa na fundi wake. Ubaya wake ni kwamba ukiwa na boti nyuma kati ya Chalinze na Segera utakuwa mpole kuliko malori, na abiria wanaokaa kwenye viti vya pembeni kwa saa 6 au 7 watafika Pangani wakiwa hoi. Tena uangalie: gari hilo likiwekwa kwenye magurudumu manne halipaswi kuendeshwa kwenye lami kavu, kwa kuwa ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kitu kimoja lazima kiumie.

Discovery 3 ya dizeli, nikizungumzia kuvuta peke yake, ni gari bora kuliko hayo mengine mawili. Ni nzito, imetulia, na kiwanda chenyewe kiliiruhusu kuvuta hadi kilo 3,500. Hata hivyo, springi zake za hewa na mifumo yake ya umeme inahitaji fundi mwenye kompyuta inayoisoma, na mafundi wa aina hiyo ni wachache hapa jijini, na ukitoka nje ya jiji ni wa kutafuta. Kama tayari unamjua fundi huyo na ulishaona kazi yake, nunua bila hofu. Kama humjui, liache.

Inabaki Prado. Ile ya petroli ya lita 2.7 ina msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, wa takriban niutoni mita 240, ilhali dizeli ya lita 3 ya familia hiyohiyo ina zaidi ya 340, na inaupata ikiwa kwenye mizunguko ya chini zaidi. Hiyo ina maana kwamba TX itaivuta boti yako ya kilo 1,600, lakini kwenye milima itapiga kelele, itashuka gia mara kwa mara na itakunywa petroli kwa kiasi ambacho hukukizoea. Kwa safari za Kunduchi na pwani ya jirani inatosha kabisa. Kwa Pangani mara moja au mbili kwa mwaka pia inatosha, mradi usiwe na haraka. Ningekuwa mimi, ningevumilia miezi michache zaidi nikitafuta Prado ya dizeli, hata ya umbo la nyuma yake lililotengenezwa kati ya 2002 na 2009, nikaikagua chini kwa tochi kabla ya kulipa, kwa sababu magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji hufika hapa yakiwa na kutu ya chumvi ya barabarani, nawe unakwenda kuliongezea chumvi ya bahari. Ikiwa ni lazima uchague katika hayo matatu wiki hii, chukua TX. Kabla ya kukubaliana bei na wakala, pitia kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa kuwa ukubwa wa injini na umri wa gari hubadilisha ushuru kwa kiasi kikubwa.

Jambo la mwisho kwako ni chuma cha kuvutia. Gari la Japani mara nyingi huja bila hicho, na utaletewa cha kuchomelea kwenye bampa. Kikatae. Chuma kifungwe kwa bolti kwenye fremu, pande zote mbili, na tufe lake la chuma liwe na kipimo kilekile cha kikombe cha tela kinacholifunika. Tufe la milimita 50 ndilo la kawaida, na kikombe kipana kuliko tufe huruka kwenye shimo la kwanza. Kisha pima uzito unaolalia tufe hilo: weka kigogo cha mti juu ya mizani ya kupimia uzito wa mwili, kifike usawa wa tufe, ulaze juu yake mkono wa tela ukiwa na boti yenye mafuta. Kwa mzigo wako tafuta kilo 100 hadi 130. Ikisoma kilo 40, tela litaanza kuyumba ukifika kasi ya 80, na dawa yake ni kuisogeza boti mbele kidogo kwenye tela. Likianza kuyumba ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu.

SWALI: Mimi ni mama wa Kigamboni mwenye RAV4 ya mwaka 2008. Mume wangu amenunua boti ndogo ya mita 4 na injini ya farasi 40. Je, tunalazimika kununua gari lingine?

JIBU: Hapana, dada. Boti ya namna hiyo pamoja na tela dogo haizidi sana kilo 550, hivyo iko chini ya kile kikomo cha kilo 750, na RAV4 italiweza tela barabarani hata bila breki, mkienda kwa kasi ya wastani. Shida itakuwa mchangani. RAV4 nyingi za miaka hiyo zilizotoka Japani zina giaboksi ya mkanda, na mfumo wao wa magurudumu manne hushika kwa muda tu kisha hupata joto na kuachia. Liacheni gari kwenye ardhi ngumu, mfunge kamba imara ya mita 10 au 15 kati yake na tela, na vijana wawili waliongoze tela huku gari likivuta taratibu.

SWALI: Nipo Mbweni. Beringi za tela langu zimekufa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, ingawa nilitumia grisi nzuri. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa haliko kwenye grisi, liko kwenye saa. Ukifika pwani baada ya mwendo, kitovu cha gurudumu kina joto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukikizamisha papo hapo kwenye maji baridi, hewa hiyo hunywea na kuyavuta maji ya chumvi kupita sili hadi kwenye beringi. Fika mapema, fungua kamba za boti, pakia vitu, na uguse vitovu kwa mkono. Vikiwa vimepoa, ndipo ushushe. Ukirudi nyumbani, osha tela lote kwa maji baridi ya bomba, pamoja na upande wa chini wa gari, fremu na mabomba ya breki, jioni ileile na si kesho yake. Weka grisi ya baharini, ile isiyochujuka kwa maji, na ubadilishe sili kila unapozifungua beringi, kwa kuwa sili iliyokwisha kutolewa mara moja haikai tena sawasawa.