Maswali na Majibu: Viwango vya Mchezaji na Idadi ya Mitupo

Barua za safari hii zote zinahusu michezo ya kompyuta ya mpira wa vikapu. Ile ya Nakuru nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu anayeielewa atakuwa amepata nusu ya majibu ya nyingine.

Katika NBA 2K nimempandisha mchezaji wangu wa kati hadi 95 kwa mitupo ya pointi tatu, lakini kompyuta inapojichezea mechi, hatupi kutoka mbali hata mara mbili. Kosa liko wapi? (Kondele, Kisumu)

Hakuna kosa. Kiwango ulichokipandisha huamua kama mpira utaingia baada ya kutupwa. Kama atautupa au hatautupa ni jambo la mazoea yake, ambayo katika mchezo huo yana orodha yake na huhaririwa kando. Ukishika padi mwenyewe, mazoea ya mchezaji unayemwendesha hayana kazi, kwa kuwa mwamuzi ni kidole chako. Hata uwanjani mambo haya mawili hutengana: mchezaji wa kati Rudy Gobert aliongoza NBA, ligi kuu ya Marekani, msimu wa 2021–22 kwa usahihi wa asilimia 71.3, ilhali alitupa chini ya mara 8 kwa mechi.

Katika Basketball GM, mchezo wa kuwa meneja wa timu huku kompyuta ikicheza mechi, nilibadilishana wachezaji nikampata mfungaji aliyekuwa akitupa mara 24 kwa mechi. Kwangu anatupa mara 20, ingawa viwango vyake havijashuka. Je, programu ina hitilafu? (Section 58, Nakuru)

Programu ni nzima. Kilichobadilika ni watu aliokaa nao mezani. Timu ya NBA hutupa takriban mara 90 kwa mechi, na mitupo hiyo ni sahani moja ya ugali iliyozungukwa na walaji watano. Programu huchanganya viwango kadhaa vya kila mchezaji, vikiwemo vya kupiga chenga na kufunga, ikapata uzito mmoja, kisha katika kila shambulizi humchagua mtupaji kwa bahati nasibu inayompendelea mwenye uzito mkubwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, tukidhani kwamba watano hao hawapumziki. Mfungaji wako ana uzito wa 80, na wenzake wa zamani walikuwa na 60, 60, 50 na 50. Jumla ni 300, kwa hiyo fungu lake katika mitupo 90 lilikuwa 24. Kwako amewakuta wawili wenye 80 kama yeye na wengine wawili wenye 60. Jumla imefika 360, na fungu lake limeshuka hadi 20. Ungempeleka katika timu dhaifu ambayo wenzake wote wana 40, angetupa mara 30 bila kuongezewa chochote. Ndiyo maana mimi husoma orodha ya wenzake kabla ya kusoma wastani wa pointi zake, somo nililolipata baada ya kutoa wachezaji wawili wazuri ili nimpate mfungaji mmoja wa timu mbovu.

Kanuni ya ugawaji nayo ina uzito wake. Mtunzi wa programu akiamua kuzidisha kila uzito kwa wenyewe kabla ya kugawa, mchezaji yule wa mitupo 24 katika timu yake ya zamani hupanda hadi karibu 31, na mwenye uzito wa 50 hubaki na makombo.

Kwa nini basi nisimwachie mtupaji bora mpira wote? (Kakamega)

Kwa sababu usahihi kwa kawaida hupungua kadiri mzigo unavyoongezeka, jambo ambalo mtaalamu wa takwimu Dean Oliver alilieleza kwa kirefu mwaka 2004. Mitupo ya kwanza ya mchezaji ni ile rahisi. Inayoongezwa juu yake ni ile ya kulazimisha, sekunde 24 za kila shambulizi zikikaribia kuisha na walinzi wawili wakiwa mbele yake. Kwa kuwa wachezaji ni watano, fungu la kawaida la mashambulizi ni asilimia 20. Russell Westbrook wa NBA alifikisha takriban asilimia 42 msimu wa 2016–17, na usahihi wake haukuvuka asilimia 43. Programu isiyotoza gharama hiyo itakupa ushindi wa bure, nami siioni kuwa mchezo.

Nyota wangu hafikishi mitupo 10. (Bungoma)

Tazama urefu wa robo. Robo za dakika 5 hufanya mechi ya dakika 20 badala ya 48, na mitupo 90 ya timu hushuka hadi 37 au 38.

Tunataka kuingiza timu yetu ya shule ndani ya mchezo. Viwango tuvipate wapi? (Maseno)

Chukueni daftari mkae kando ya uwanja. Andikeni kwanza nani alitupa mara ngapi na kutoka wapi, kwani hapo ndipo mazoea yatakapotoka. Usahihi uje baadaye, baada ya mechi nyingi, maana aliyeingiza mitupo 3 kati ya 4 Jumamosi moja hajathibitisha asilimia 75. Mkumbuke pia kwamba mechi zetu za kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa vikapu, ni za dakika 40: aliyetupa mara 10 uwanjani atupe mara 12 katika mechi ya dakika 48.